MASHINE YA MASHUA NA MAJI YAKE

Mazungumzo kwa manahodha, wavuvi na wenye mashua



Katika pwani ya Lamu, na vivyo hivyo katika ziwa la Victoria, sauti inayowaamsha watu alfajiri siku hizi si ya makasia wala ya tanga linalotwekwa, bali ni ya mashine ya mashua. Mashine hii, ambayo hupachikwa katika ubao wa tezi, imebadili maisha ya watu wengi. Mvuvi aliyekuwa akingoja upepo hangoji tena. Samaki wake hufika sokoni kabla ya barafu kuyeyuka. Na mgonjwa wa kisiwa cha Pate huweza kufikishwa Lamu siku ile ile. Lakini neema hii ina sharti lake, na sharti lenyewe ni rahisi kusahauliwa: mashine ya mashua haifai kuwashwa hata kidogo bila ya maji. Maji yanayotajwa hapa si yale ambayo chombo huelea juu yake, bali ni yale yapitayo ndani ya mashine yenyewe.

Na uchukuliwe mfano wa nahodha mmoja. Alikuwa mtu mzima, aliyeijua bahari tangu utoto wake katika vyombo vya tanga. Alinunua mashine ya nguvu za farasi 40, iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kwa fedha za mkopo. Na deni hilo lilipasa kulipwa kila mwezi, samaki wapatikane wasipatikane. Jioni mashine ilipoletwa, ilifungwa juu ya gogo uani, na majirani wakaja kuitazama. Mmoja wao akauliza kama kweli yawaka. Nahodha akavuta kamba mara ya kwanza, akavuta mara ya pili, na mashine ikanguruma. Watoto wakapiga makofi.

Mpwa wake, kijana wa miaka kumi na mitano ambaye alikuwa akijifunza kazi chomboni, akamkaribia akasema, "Mjomba, haina maji."

Nahodha akacheka mbele ya watu. "Ni dakika mbili tu, mwanangu. Haijapata hata joto."

Wala hakusema uongo. Alipoizima na kuiwekea kiganja juu ya kichwa chake, ilikuwa vuguvugu tu. Kila mtu akaridhika, na mashine ikafunikwa kwa turubai.

Siku tatu baadaye, katika msimu wa kaskazi, chombo kilitoka na watu wanne kwenda kuvua nje ya kisiwa cha Manda. Mashine ilikwenda vizuri, kwa kuwa ilikwenda pole pole na muda mfupi mfupi. Lakini wakati wa kurudi, chombo kikiwa kizito kwa samaki na mashine imefunguliwa kwa nguvu zote, sauti yake ikaanza kubadilika. Ikawa nzito, kama mtu apandaye mlima. Harufu ya rangi iliyoungua ikatoka chini ya kifuniko. Kisha mashine ikasimama ghafula, na kamba ilipovutwa haikuvutika tena. Mbele yao mawimbi yalikuwa yakipasuka meupe juu ya miamba, na upepo na mkondo vilikuwa vikiwasogeza huko. Chomboni mlikuwa na kasia moja, na tanga halikuwamo. Kilichowaokoa ni nanga na kamba yake iliyokuwa bado nzima. Walikaa hapo juani hata alasiri, mpaka mashua nyingine ilipopita ikawakokota. Samaki walikuwa wamekwisha kuharibika.

Fundi alipoifungua mashine ile, alikuta mambo mawili. La kwanza, pistoni ilikuwa imekwaruzwa na kushikamana na silinda. La pili, ambalo ndilo lililolizaa lile la kwanza, kigurudumu cha raba kilichomo katika pampu ya maji kilikuwa kimepoteza mapezi matatu katika sita. Raba iliyobaki ilikuwa ngumu na inang'aa, kama iliyopigwa pasi. Fundi akauliza swali moja tu: "Iliwashwa nchi kavu?"

Ili kulifahamu swali hilo, yapasa kujua jinsi mashine ya mashua inavyopozwa. Injini ya motakaa huchukua maji yake yenyewe katika rejeta, na maji hayo huzunguka ndani yake daima. Mashine ya mashua haina rejeta. Huyateka maji ya bahari au ya ziwa, huyapitisha kandokando ya silinda yakachukua joto, kisha huyamwaga nje. Ndivyo zilivyo karibu zote, isipokuwa chache ndogo zinazopozwa kwa upepo. Desturi ya kuiachia bahari kazi ya kupoza ni ya zamani. Bwana Ole Evinrude, aliyezaliwa Norway mwaka 1877 na kukulia Marekani, alipoanza kuuza mashine zake katika mji wa Milwaukee mwaka 1909, zilikuwa na nguvu ya farasi mmoja na nusu tu. Mashine za leo zimezipita zile kwa nguvu mara nyingi sana, lakini uhai wao ungali katika maji yanayoingia kwa chini.

Maji huingia kwa matundu madogo yaliyo karibu na rafadha. Juu kidogo ya hapo pana pampu, nayo ndani yake mna kigurudumu cha raba ambacho mafundi hukiita impela. Kigurudumu hiki kimefungwa katika mti wa chuma utokao injini kwenda kwenye rafadha, na kwa hiyo huzunguka wakati wote injini inapozunguka, hata gia ikiwa haijaingizwa. Nyumba yake haikutengenezwa sawasawa na duara lake. Upande mmoja ni mpana, upande mwingine ni mwembamba. Mapezi ya raba yafikapo mahali pembamba hujikunja, na yafikapo mahali papana hujinyosha. Kwa kujikunja na kujinyosha huko huvuta maji na kuyasukuma juu.

Sasa, ni kitu gani kinachozuia raba ile isiungue kwa kusugua chuma? Ni maji yale yale. Maji ndiyo mafuta yake. Injini hata ikienda pole pole kabisa huzunguka zaidi ya mara kumi kwa sekunde moja. Basi katika zile dakika mbili za uani, mapezi yale yalisugua chuma kikavu zaidi ya mara elfu moja. Ndiyo sababu vitabu vya watengenezaji huonya kwamba mashine isiwashwe kavu hata kwa sekunde chache. Na hapa ndipo palipo na mtego uliomnasa nahodha yule. Yeye aliupima ubaya kwa joto la kichwa cha injini, na kichwa hakikuwa na joto. Lakini kinachokufa kwanza si injini, ni raba. Nayo hufa chini, ndani, mahali pasipoonekana kwa macho wala kushikwa kwa mkono. Mashine huonekana nzima, huku imekwisha kubeba kifo chake.

Yanayofuata huja baharini. Mapezi yaliyovunjika hayatekii maji ya kutosha. Vipande vyake hupandishwa na maji machache yaliyosalia, vikaziba njia nyembamba zilizo kandokando ya silinda, au vikakaa katika ule mlango mdogo wa kuongozea joto uitwao themostati. Ndani ya silinda petroli huwaka kwa joto linalopita digrii 2,000 za sentigredi, na pistoni imetengenezwa kwa alumini, ambayo huyeyuka ikifika digrii 660. Isipoyeyuka, hupanuka, na alumini hupanuka karibu mara mbili kuliko chuma cha silinda inayoizunguka. Nafasi iliyo kati ya viwili hivyo ni nyembamba sana, na ndani yake mna utando wa mafuta. Nafasi ikiisha, utando huungua, pistoni hukwaruza, kisha hushika. Hata isiposhika, kichwa cha injini chaweza kupinda, na gasketi yake ikaungua, hivyo maji ya chumvi yakapenya ndani ya silinda.

Wenye mashua wengi watasema kwamba wao hawawashi mashine zao nchi kavu. Yafaa wajue kwamba mashine yaweza kukosa maji ingawa imo baharini. Katika mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, maji yakipwa huwa haba mno, na nahodha huinua mashine ili rafadha isiguse tope. Akiiinua kupita kiasi, matundu ya maji hutoka nje, na mashine hunywa hewa. Asipoiinua, hunywa mchanga na tope, navyo hula raba kama msasa. Katika ziwa la Victoria, hasa katika ghuba ya Kisumu, gugumaji limekuwa adui tangu lilipoenea ziwani katika miaka ya 1990. Mizizi na majani yake huziba matundu kabisa. Mfuko mmoja wa plastiki hufanya vivyo hivyo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu Agosti 2017, lakini plastiki ya zamani haijaisha majini. Tena, ubao wa tezi ukiwa mrefu kuliko mguu wa mashine, au mzigo wote ukirundikwa mbele hata tezi ikainuka, matundu hutoka nje kila wimbi linapopita. Na chumvi ya bahari, isipooshwa, huganda pole pole ndani ya njia za maji hata zikawa nyembamba.

Nahodha atajuaje kwamba maji yanapita? Mtengenezaji amemwekea shahidi. Nyuma au ubavuni mwa mashine pana tundu dogo ambalo hutoka uzi wa maji wakati injini inapokwenda. Uzi huo ukiwa na nguvu, pampu inafanya kazi. Ukiwa dhaifu, ukikatika katika, au ukitoa mvuke, kuna jambo. Baada ya kuwasha, uzi huo hungojwa kwa sekunde chache tu. Usipoonekana, mashine huzimwa pale pale. Huenda ikawa tundu lenyewe limezibwa na chumvi au tope, na hapo sindano ya waya mwembamba yatosha kulizibua. Lakini asifikiri mtu kwamba ni tundu tu lililoziba, kabla hajahakikisha. Vile vile shahidi huyu hajui yote: maji yaweza kutoka vizuri tunduni, na hali njia fulani ya ndani imeziba. Kwa hiyo sauti, harufu na nguvu za mashine zisikilizwe pia. Mashine nyingine za sasa zina honi ya kuonya, au hujipunguzia mwendo zenyewe zikipata joto; nyingi za zamani hazina.

Ikiwa dalili hizi zimetokea baharini, la kwanza ni kuzima. Watu wengi huogopa kuzima, wakiona heri wafike ufukoni kwanza. Lakini mashine iliyozimwa mapema huweza kuwaka tena, iliyoshikana haiwaki. La pili ni kutia nanga, ikiwa maji si marefu mno na chombo kinasukumwa kuelekea hatarini. La tatu ni kuinua mashine na kutazama matundu: majani yaondolewe, plastiki ikatwe, tope lipanguswe. La nne ni kuiacha ipoe yenyewe. Haifai kabisa kuimwagia kichwani maji baridi kwa kopo, kwa kuwa chuma kilichopata moto kikipozwa ghafula upande mmoja huweza kupinda au kupasuka. Ikiisha kupoa, iwashwe, na jicho liwe kwenye uzi wa maji. Ukitoka kwa nguvu, chombo kirudi nyumbani kwa mwendo wa taratibu. Usipotoka, mashine izimwe, na watu watumie makasia au tanga, au waombe msaada. Kwa sababu hiyo chombo chenye mashine kisiache kuwa na makasia, nanga yenye kamba ndefu, maji ya kunywa na jaketi za kuokolea kwa kila mtu. Mashine haikuja kuvifukuza vitu hivi chomboni.

Je, mtu ambaye amekwisha kuiwasha mashine yake kavu kwa bahati mbaya afanye nini? Asiiwashe tena ili kuona kama ni nzima. Huko ni kuongeza msiba. Sehemu ya chini ifunguliwe na impela itolewe. Mapezi yahesabiwe. Yakiwa yamepasuka, yamekuwa magumu, yanang'aa, au yamelala upande mmoja bila ya kujinyosha, yabadilishwe yote pamoja, yaani kigurudumu kizima. Ikiwa pezi limekatika, kipande chake kitafutwe mpaka kipatikane, kwa maana kisipopatikana, kiko katika njia ya maji kikingoja. Nyumba ya pampu na bamba lake vitazamwe kama vimekwaruzwa. Wakati wa kurudisha, impela ipakwe mafuta kidogo na izungushwe upande ule ule ambao injini huzungukia, mapezi yalale yanavyopaswa. Kile kipande kidogo cha chuma kinachoishikanisha impela na mti wake kisisahauliwe. Kikikosekana, mti utazunguka na pampu itasimama. Hata bila ya ajali yoyote, raba huchakaa. Yafaa kuikagua angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi penye mchanga mwingi. Bei ya kigurudumu hiki ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya injini.

Wala hapana haja ya kuiwasha mashine kavu ili kuijaribu. Pipa la maji hutosha. Mashine hufungwa katika kiunzi imara na mguu wake ukatumbukizwa pipani, maji yakapita juu ya lile bamba pana lililo juu ya rafadha. Rafadha hutolewa kwanza, ili isiyatupe maji nje wala isimjeruhi mtu. Gia iwe haijaingizwa, mwendo uwe wa chini, na pipa liongezwe maji yakipungua. Jambo hili lifanywe mahali penye hewa, kwa kuwa moshi wa injini ni sumu. Pia viko vikombe viwili vya raba vinavyofungwa juu ya matundu na kuungwa na mpira wa bomba. Maji yafunguliwe kwanza, ndipo mashine iwashwe, na mashine izimwe kwanza, ndipo maji yafungwe. Mashine nyingine zina tundu maalumu la kuungia mpira wa kuoshea, na katika nyingi ya hizo injini haiwashwi wakati wa kuosha. Kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa. Kwa mvuvi wa bahari, kuosha huko kwa maji matamu baada ya kazi ni faida mbili kwa pamoja: chumvi huondoka, na uzi wa maji huonekana kabla ya safari nyingine. Baada ya hayo mashine isimamishwe wima ili maji yaliyobaki yatoke.

Yapo maneno mengine ambayo hayamo katika kitabu cha mashine. Usiku ule waliporudi, nahodha yule alikaa barazani na mpwa wake. Deni lilikuwa pale pale, na mashine ilihitaji karibu fedha nyingine kama zile alizoinunulia.

Akamwuliza kijana, "Wewe hukaa tezi. Asubuhi hukuona kwamba maji yanatoka kidogo?"

"Niliona, Mjomba."

"Mbona hukusema?"

Kijana akainamisha kichwa. "Nilisema siku ile uani. Watu wakacheka."

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Hakumkaripia, kwa kuwa aliona ya kwamba kuna vitu viwili vilivyovunjika siku ile ya gogo, na kimoja hakikuwa cha raba. Tangu hapo, mashine ilipopatikana tena kwa taabu nyingi, kazi ya kutazama uzi wa maji ikawa ya kijana yule, naye akapewa ruhusa ya kuizima mashine kwa mkono wake mwenyewe, bila ya kungoja amri ya mtu.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta. Katika mashine ya mashua ufa huo ni mdogo kuliko kiganja, ni wa raba, nao umefichika chini ya maji. Mwenye chombo atakayekumbuka kuutazama, na atakayemsikiliza yule anayeuona kabla yake, atarudi na samaki wake, na watu wake, na mashine yake.